Nani Alilipa Nauli? Safari ya Wawili katika Nathari ya Kiswahili

Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiulizwa aeleze umuhimu wa safari katika riwaya, jibu huwa tayari mdomoni. Safari ni ishara ya mabadiliko. Safari ni jazanda ya maisha. Safari huwakutanisha wahusika na kuendeleza ploti. Majibu haya yana ukweli, na mtahini wa karatasi ya 102/3 atayatuza. Yamo katika miongozo inayouzwa kila duka la vitabu kuanzia Voi hadi Taveta, na sisi walimu tumeyarudia mpaka yakawa kama kibwagizo. Makala haya yanadhamiria kuuliza swali ambalo aghalabu huachwa: katika safari hiyo, nani alilipa nauli, naye alizitoa wapi pesa?

Ninalielekeza swali hili hasa kwa safari ya watu wawili, mwanamume na mwanamke, wanaokwenda mbali kwa nchi kavu mfuko ukiwa mwepesi. Msafiri wa peke yake anaweza kulala popote, akajibu maswali kwa uongo mmoja tu. Wakiwa wawili, kila senti huwa imekwisha kugawanywa kabla haijatumika, na kila mlango wanaobisha huwauliza swali la pili: huyu ni nani wako? Nitajaribu kuonyesha kwamba tunapolipuuza swali la nauli tunaupoteza uhusiano wenyewe tunaodai kuuhakiki.

Wahenga walisema msafiri maskini ajapokuwa sultani. Methali hii tunaifundisha katika fasihi simulizi kisha tunaisahau tukifika kwenye riwaya. Haisemi kwamba maskini husafiri. Inasema kusafiri kwenyewe humfanya mtu maskini, kwa kuwa humtenga na shamba lake, jamaa zake na jina lake, vitu ambavyo nyumbani humlisha bila kuhesabiwa. Mhakiki wa Kirusi Mikhail Bakhtin, ambaye wengi wetu tulimsoma chuoni kwa haraka ya mtihani, aliitaja barabara kuwa mojawapo ya kronotopu kuu za riwaya: mahali ambapo watu wa matabaka mbalimbali hukutana kwa wakati mmoja. Nakubaliana naye. Ila methali yetu inaongeza jambo ambalo ni muhimu kwa mwalimu wa huku kwetu. Watu hao wakikutana barabarani, wengine wamepanda gari na wengine wanakula vumbi la gari hilo.

Tuchukue Kidagaa Kimemwozea ya marehemu Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka 2012 na kutahiniwa katika KCSE kuanzia mwaka uliofuata. Amani na Imani wanaandamana hadi Sokomoko. Kila mmoja ana jeraha lake: Amani anausaka mswada wake ulioibwa, na Imani amempoteza mama baada ya familia yao kudhulumiwa. Hawana mali wala mwenyeji wa kuwapokea. Wanafika kwenye mto Kiberenge, ambao wenyeji wana mwiko wa kutokunywa maji yake, nao wanayanywa. Miongozo hulieleza tukio hili kuwa ni kuvunja ushirikina na kuashiria fikra mpya za vijana. Sawa. Lakini kwanza walikuwa na kiu. Mtu mwenye pesa hulazimiki kumtazama akivunja mwiko wa mto, kwani hununua cha kunywa dukani. Mwiko wa Sokomoko unavunjwa na watu wawili wasiokuwa na njia nyingine ya kukata kiu, na ujasiri wao unaanzia pale. Sioni kwamba usomaji huu unaipunguzia hadhi ishara yenyewe. Naona unaipa miguu.

Safari yao inachukua sehemu ndogo tu ya riwaya. Karibu yote yaliyobaki yanatokea Sokomoko. Hata hivyo, nadai kwamba gharama ya safari inaendelea kulipwa hadi mwisho. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Amani anapewa kazi ya kuchunga ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora, na Imani anakuwa mtumishi katika nyumba ya Mwalimu Majisifu, akiwalea watoto wenye ulemavu ambao wengine waliwakimbia. Kijana aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu anageuka mchungaji, naye msichana anageuka yaya. Hili ndilo jembe la siku ya tatu. Ajabu ni kwamba jembe hilo ndilo linalomfikisha Imani ndani ya nyumba ya mtu aliyeuiba mswada wa Amani. Mwandishi angewapa wahusika wake nauli na akiba ya kulala katika nyumba ya wageni, fumbo la mswada lisingefumbuliwa, kwa sababu hakuna mgeni anayelipa chumba ambaye angeingizwa jikoni kwa Majisifu.

Hapa darasani msichana mmoja aliniuliza swali ambalo sijaliona katika mwongozo wowote: "Mwalimu, hawa wawili walikuwa wakilala wapi njiani?" Wenzake wakaangua kicheko, maana walidhani ana jambo jingine akilini. Hakuwa nalo. Alikuwa akiuliza swali la bajeti. Vijana wawili wasio ndugu wala wanandoa, wakiwa na fedha za chumba kimoja au bila fedha kabisa, wanalala wapi na watu waseme nini? Msimulizi wa Walibora anauchunga uhusiano huu kwa makini, akiwaweka karibu kama kaka na dada kwa muda mrefu kabla mapenzi hayajajitokeza. Wahakiki huuita usafi wa maadili. Nafikiri pia ni kinga. Wenye njaa wakitembea wawili, jamii ina haraka ya kuwapa hatia, na riwaya yenyewe inathibitisha hivyo: kitoto kinapotupwa mlangoni pa Amani, kikafa kwa kukosa kuhudumiwa, wanaotiwa mbaroni ni hao wawili. Hakuna aliyewajua walikotoka, na hakuna wa kuwadhamini. Swali la "huyu ni nani wako" limewafuata kutoka barabarani hadi seli.

Nimesema tumelisahau swali la nauli, lakini nathari ya Kiswahili ilianza nalo. Ukisoma Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, tawasifu iliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 20, utachoka kwa mizigo, bei, mikopo na madeni, na jina la Taria Topan, tajiri wa Zanzibar aliyewakopesha wafanyabiashara wa misafara. Mkusanyo wa Safari za Wasuaheli, uliohaririwa na Carl Velten na kuchapishwa Göttingen mwaka 1901, nao umejaa mambo ya njiani: posho, wapagazi, maji yako wapi, na jumbe gani anadai nini. Mmoja wa wasimulizi wake, Selim bin Abakari, aliandamana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, na hata huko barafuni bado anaandika kama mtu wa msafara, akitazama watu wanakula nini na wanasafiri kwa chombo gani. Hawa waandishi wa mwanzo hawakuona haya kuhesabu. Haya hiyo tumeiletewa na shule.

Tazama neno hongo. Wanafunzi wangu wanalijua kwa maana moja tu, ile ya kumpa askari wa barabarani kitu kidogo. Katika enzi ya misafara hongo ilikuwa ushuru uliotolewa hadharani kwa mwenye nchi ili msafara upite, unywe maji na ununue chakula kwa amani. Ilibishaniwa, ikapunguzwa, ikapokelewa mbele ya mashahidi. Neno limebaki na barabara imebaki, lakini ushuru umeingia mfukoni mwa mtu binafsi. Kipindi kimoja cha msamiati wa safari (hongo, posho, masurufu, kirangozi, mpagazi, dago) kinaweza kumfundisha mwanafunzi historia ya barabara kuliko kurasa nyingi za maelezo kuhusu motifu.

Nasi wa Taveta hatuna haja ya kwenda mbali. Mji huu ulikuwa kituo cha misafara iliyotoka Mombasa kuelekea Uchagani na Umasaini. Johann Rebmann alipita nchi ya Taita mwaka 1848 akiwa na wapagazi wachache na mwavuli. Joseph Thomson alipumzika Taveta mwaka 1883, watu wake wakitunga upya shanga, kwa sababu shanga zisizotungwa kwa mtindo uliopendwa mbele zisingenunua kitu. Shanga hizo ndizo zilizokuwa nauli. Leo lami inatoka Voi, inapita Mwatate na Maktau na kukata mbuga ya Tsavo Magharibi mpaka kwetu na kwenye mpaka wa Holili. Siku za soko, Jumatano na Jumamosi, mwanafunzi akisimama Bomeni kwa saa moja ataona wanandoa wa kila namna wakishuka na mizigo, na akiwa mwepesi wa kutazama atajua nani kati yao ameshika pochi.

Je, katika misafara ile ya zamani walikuwapo wawili wawili? Walikuwapo. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika makala ya mwaka 2000 na kitabu cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa Tanganyika ya karne ya 19, ameonyesha kwamba wanawake wengi waliandamana na misafara, baadhi wakiwa wake au wenzi wa wapagazi, na kwamba kazi yao ilikuwa nguzo ya safari: kubeba vyombo vya nyumba, kupika, kutafuta chakula, na mara nyingine kubeba mzigo wa ujira. Ndoa ya msafarani ilikuwa na hesabu zake. Mume alibeba pembe au nguo za tajiri, mke alibeba chungu, na posho ya wawili ikapikwa kwenye moto mmoja. Hiyo ndiyo safari ndefu ya wawili kwa mfuko mwepesi, nayo ilipita katika nchi hizi maelfu ya mara bila kuandikiwa kitabu. Wanawake hao hawana tawasifu, kwa hivyo wamebaki mstari mmoja hapa na nusu mstari pale katika vitabu vya watu wengine.

Walioandikiwa ni wengine. Mwaka 1891 Mmarekani May French-Sheldon alifika Taveta na Ziwa Chala na msafara mkubwa wa wapagazi, akabebwa katika machela, mumewe akiwa amebaki Ulaya. Kitabu chake cha mwaka uliofuata kilijigamba hata katika jina lake kwamba alitoka kwa sultani huyu hadi kwa sultani yule. (Methali yetu haikumhusu.) Kisha kuna Ewart Grogan, ambaye jumba lake wanafunzi wetu huliona juu ya kilima kila wakipita barabara ya Taveta. Huyu anasifiwa kwa kuivuka Afrika kutoka Kusini hadi Kairo kati ya 1898 na 1900 ili apewe mkono wa Gertrude Watt. Wageni huambiwa kwamba hii ni safari ya mapenzi. Huenda ndivyo, ingawa mpenzi mwenyewe hakupiga hata hatua moja, na waliopiga hatua pamoja na Grogan wakiwa na mizigo kichwani hawakuwa wakioa.

Kisa kinachonikaa moyoni zaidi ni cha mwandishi wetu mwenyewe. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, anajulikana kwa walimu wa Kiswahili kwa Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka mwaka 1903 kwa jina la Velten kama mhariri. Katika Safari za Wasuaheli pia yumo, na habari za safari yake ya Udoe na Uzigua. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki. Huko, mwaka 1904, alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka uliofuata, baada ya kuiacha kazi ambayo heshima yake ilikuwa ikivunjwa na baadhi ya wanafunzi, aliamua kurudi kwao pamoja na mkewe.

Walisafiri. Meli ikafika pwani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na serikali ikamkataza Bertha kushuka kama mke wa Mwafrika. Wawili hao wakarudi Ujerumani. Mtoro, mtu aliyewaeleza Wajerumani kwa ufasaha desturi za ndoa, ugeni na safari za watu wa pwani, alirudishwa kutoka mlangoni pa nyumba yake kwa sababu ya jibu alilotoa kwa swali lile lile: huyu ni nani wako? Angejibu kwamba ni bibi mwenye safari na yeye ni mtumishi wake, sidhani kama kuna afisa ambaye angejisumbua. Selim bin Abakari alizunguka Siberia kwa jibu kama hilo. Mtoro aliishi Ujerumani kwa maisha ya kubahatisha, akifundisha kwa muda Hamburg na kutoa mihadhara hapa na pale ili kupata riziki, hadi alipofariki Berlin mwaka 1927.

Mwandishi aliyeieleza Udoe na Uzigua amebaki nasi kwa safari ile ya kwanza. Safari ya pili, ya wawili, tunayo kwa muhtasari wa wanahistoria tu. Kwa mhakiki, pengo hili lina uzito. Vitabu vya Velten vilihitaji msafiri wa Kiswahili anayetazama watu wengine na kuripoti. Havikuwa na nafasi ya msafiri wa Kiswahili aliyeshikana mkono na mkewe kwenye ngazi ya meli, akitazamwa. Ninapofundisha historia ya nathari ya Kiswahili sasa, nawaeleza wanafunzi yaliyomo katika Safari za Wasuaheli, kisha nawaeleza pia safari hii isiyoandikwa na aliyesafiri, na nawaachia nafasi wawazie ingeanza kwa sentensi gani.

Kuna wenzangu watakaosema kwamba riwaya si daftari la mhasibu, na kwamba msanii ana haki ya kuyapita mambo madogo. Hoja hii nimeisikia katika warsha zaidi ya moja. Naikubali nusu. Msanii ana haki ya kuacha, lakini mhakiki ana wajibu wa kuona kilichoachwa. Mwandishi akimpitisha mhusika maskini kutoka mji hadi mji kwa sentensi moja, amempa zawadi ambayo maskini halisi hapewi. Wakati mwingine zawadi hiyo inafaa, maana hadithi ina mahali pa kufika. Wakati mwingine ni udhaifu wa usawiri, na tunapaswa kusema hivyo bila woga, hata kama mwandishi tunampenda. Tunamsifu mwandishi kwa uhalisia anaposawiri uongozi mbaya, kisha hatumdai uhalisia huo huo mhusika wake anapopanda basi.

Wengine wataniuliza, na hili ni swali la haki zaidi, mwanafunzi atapata alama gani kwa haya yote. Mwongozo wa kusahihisha hauna nafasi ya nauli. Jibu langu ni kwamba unayo, ila haijaandikwa kwa jina hilo. Maudhui ya umaskini, utabaka, nafasi ya mwanamke na hata mbinu ya kinaya yanaweza kutetewa kwa ushahidi wa safari, na mtahini hawezi kuikataa hoja yenye mfano kutoka kitabuni. Mwanafunzi anayeandika kwamba Amani na Imani "wanakumbwa na umaskini" amesema kidogo. Anayeandika kwamba kufika kwao mikono mitupu kunawalazimu kukubali kazi iliyo chini ya elimu yao, na kwamba kazi hiyo inamfungulia Imani nyumba ya mwizi wa mswada, amehakiki.

Nililijaribu hili na kidato cha tatu. Niliwagawa wawili wawili, mvulana na msichana, nikawapa kiasi kidogo cha pesa za kubuni na safari ya kwenda mji wasiokuwa na jamaa. Wapange kila kitu: gari, chakula, malazi, na watakachosema wakiulizwa wao ni nani. Nilitarajia hesabu za nauli. Nilichopata kilinifundisha kusoma upya. Karibu kila jozi iliona kwamba pesa hazitoshi wawili. Kisha mvulana mmoja, mwana wa mfanyakazi wa mashamba ya mkonge, akatoa suluhisho ambalo darasa zima lilikubali papo hapo: "Mmoja atangulie. Akipata kazi, atume nauli ya mwenzake." Nilipowauliza ni nani kati yao ambao wazazi wao walifika Taveta kwa njia hiyo, mikono iliinuka mingi kuliko nilivyodhani.

Hivyo ndivyo wengi wanavyosafiri wakiwa wawili huku kwetu, kwa mikupuo miwili. Kati ya mkupuo wa kwanza na wa pili kuna miezi au miaka, na ndani ya muda huo ndimo ndoa hupimwa. Tukiwa na jambo hili akilini, kutembea bega kwa bega kwa Amani na Imani kunaonekana kuwa ndoto ya mwandishi zaidi ya kuwa desturi ya wasafiri wasiokuwa na kitu, na pengine ndiyo sababu wanafunzi huipenda.

Tukiwa na jambo hili pia, Siku Njema, ambayo Walibora aliichapisha mwaka 1996, inasomeka kwa namna nyingine. Tumezoea kuifundisha kama safari ya mtu mmoja: Kongowea Mswahili anaondoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta babaye. Lakini kabla yake kulikuwa na wawili, Zainabu Makame na mwanamume aliyekwenda Kenya akamwacha Tanga. Mmoja alitangulia na mkupuo wa pili haukufika mpaka Zainabu akafa. Mwana ndiye anayeusafiri, akiwa amechelewa. Muhula ujao nakusudia kuwapa wanafunzi swali moja tu kuhusu riwaya hiyo, nalo si kwa nini Kongowea anasafiri. Ni nini kilichomzuia Zainabu kusafiri, na kama lilikuwa suala la nauli, nani alipaswa kuituma.